Mifupa ya Mwanamke wa Kichina

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na video zikaingia Arusha kama kumbikumbi, Anande muuza ndizi alikuwa na deni moja moyoni. Dada yake Elizabeth alizikwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, na kila mwaka Anande aliahidi kumrudisha Meru, migombani kwao.

Siku moja mvua ya mchana ilimkimbizia kwenye banda la video, Daraja Mbili. Kwenye kioo mzimu wa kike wa Kichina ulimfuata kijana mmoja, ukielea juu ya miti, mikono ya gauni lake mirefu kuliko barabara ya Moshi. Anande alisahau kufunga mdomo.

"Anataka kumla yule kijana!" alitafsiri Rodrick, mwenye banda.

Mwanamke akamwonyesha kijana chungu cha mifupa yake, kisha milima ya mbali, huku analia.

"Muongo wewe! Anataka akazikwe kwao!" Anande alipaza sauti.

"Shikamoo bibi, Kichina umejifunzia wapi?" Rodrick alimtania.

Watu wakaangua kicheko. Lakini kijana akakibeba kile chungu mgongoni, akashika njia ya milimani.

Anande hakungoja mvua ikatike. Aliacha ndizi zake pale pale, akaenda stendi kuulizia basi la Tanga.