Mpishi wa Kwenye Blogu

Mwaka ule dhahabu ilipopatikana, nyumbani tulikula muhogo mtupu, maana unga wote wa mahindi niliwapikia wachimbaji waliojaa kijijini kwetu Nkende. Mjukuu wangu Bhoke akanifungulia blogu ya kutangaza chakula. Muundo wa blogu aliouchagua ulikuja tayari na picha ya msichana mrembo ameshika sufuria.

"Bibi, tumtoe, tuweke sura yako."

Sura yangu naijua, na meno yaliyobaki nayajua.

"Huyo simtoi."

Kesho yake wachimbaji wakafurika.

"Shikamoo bibi. Yule mpishi yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko jikoni."

Wakala, wakaongeza, wakasubiri. Mwishowe mmoja akachungulia jikoni.

"Jamani, humu kuna mbuzi tu anakula maganda!"

Wakacheka hadi benchi likaanguka. Bhoke akaninong'oneza, "Bibi, sasa tumtoe yule msichana?"

"Huyo simtoi."