Chiriku na Boksi la Tishu

Acheni kusema eti Chiriku analipwa kukaa kwenye kiti na kusikiliza umbea wa watu. Mmeshajaribu kumsikiliza mtu bila kumkatiza? Mtu akianza tu kusema ameumwa na mbwa, kila mmoja wenu anatoa mbwa wake. Jaribuni kwanza, halafu mje tubishane.

Chiriku ni binti wa fundi cherehani wa hapahapa mtaani. Jina alipewa na bibi yake, maana tangu aote meno mdomo wake haujawahi kupata likizo. Alipomaliza darasani kusomea saikolojia tiba, akapelekwa hospitali kujifunza kwa vitendo. Chumba chenyewe mwisho wa korido: feni inayolia kama mbuzi, meza yenye boksi la tishu, kiti cha mgonjwa, kiti chake, na pembeni kiti cha msimamizi, mama mtu mzima, mpole, lakini macho yake yanakuona mpaka kisogo.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa fundi wa kuchomelea, jitu la miraba minne. Mwenzake alidondoka kutoka kwenye paa wakiwa kazini, akafa. Tangu hapo fundi halali, hapandi ngazi, na watoto wakicheka anawafokea. Mkewe alimleta kwa maneno machache: "Uingie humo ndani, la sivyo mimi narudi kwetu."

Fundi akakaa. Akaanza, "Siku ile asubuhi nilimwambia..." Machozi yakamtoka. Chiriku huyo! Karuka na boksi la tishu. "Pole kaka yangu, pole, usilie, jikaze, yatapita tu!"

Fundi akajifuta. "Niko sawa, dada." Akafunga mdomo kama kufuli, akaondoka.

Msimamizi akauliza, "Tishu ilikuwa ya nani?"

"Si yake, mama? Mtu analia!"

"Yako. Wewe ndiye uliyeshindwa kuvumilia. Ukimpa tishu kabla hajaitaka, umemwambia futa, tumemaliza. Boksi liko mbele yake na mikono anayo."

Chiriku akawaka. "Kwa hiyo nikae namtazama kama naangalia mpira?"

"Ukae naye. Na asiporudi, mwanangu, ujue tumempoteza."

Hiyo ikamchoma. Nyumbani akaanza mazoezi kwa shangazi yake, ambaye magoti yake yana malalamiko mengi kuliko mahakama. Shangazi akalalamika weee, Chiriku kimya.

"We mtoto, una homa?"

"Hapana shangazi. Endelea."

"Mama yake! Hebu njoo umguse huyu paji la uso!"

Siku ya miadi fundi hakuonekana. Chiriku akatoka koridoni, akarudi, akatoka tena, roho mkononi. Kumbe jamaa yuko nje kwenye benchi, mkewe kamkalia ubavuni kama askari. Akaingia.

Kimya. Feni ikalia. Maneno yakamjaa Chiriku kooni, akakalia mikono yake, kweli kabisa, kaiweka chini ya mapaja. Fundi akaanza kulia, mabega yanatikisika, kamasi zinashuka. Chiriku hakusogea, ila macho hakuyatoa kwake.

"Nilimwambia avae mkanda wa usalama," fundi akasema. "Akanicheka. Mimi nimemkasirikia, dada. Nina hasira na marehemu! Mtu gani anamkasirikia maiti?"

Halafu Chiriku, taratibu: "Mtu aliyempenda."

Fundi akanyoosha mkono mwenyewe, akavuta tishu, akapenga kama honi ya lori. "Wiki ijayo nije saa ngapi?"

Msimamizi akatabasamu tu akitazama feni.

Siku hizi chumba ni cha Chiriku na kiti cha pembeni kimeondolewa. Fundi kapanda ngazi fupi, ndefu bado, na usiku anapata usingizi. Chiriku akitoka kazini anaongea njia nzima kufidia, mpaka muuza vocha anamkimbia, na moyo wake mweupe.

Sasa wewe unayesoma. Una kaka, baba au jirani asiyelala, asiyekula, anayefoka ovyo, na wewe unamwambia ajikaze. Acha upuuzi huo. Kesho asubuhi mshike mkono, mpeleke hospitali, uliza kliniki ya saikolojia iko wapi, na umsubiri kwenye benchi mpaka atoke. Nenda.