Filamu Aliyoitafsiri Callixte

Kambini Kigoma, kabla ya kuletwa Australia, Callixte alikuwa mtu mkubwa. Katika banda la video alishika kipaza sauti akageuza Kizungu cha filamu kuwa Kiswahili, na watu walilipenda koo lake kuliko filamu zenyewe. Katika tafsiri yake wanawake wote wa filamu walilia, hata waliokuwa wanamenya viazi tu. Elvire aliipenda sauti hiyo, akaolewa nayo.

Filamu moja ya zamani, isiyo na rangi, hakuisahau. Hadithi ya kawaida, mwanamume mkavu kama ubao, lakini mwigizaji wa kike aliibeba yote peke yake. Mwishoni, stesheni, mpenzi aliyemdanganya anamwomba radhi. Callixte alitafsiri kwa kwikwi kwamba mwanamke analia, amesamehe, atamngoja. Elvire alishangaa tu, kwa sababu macho aliyoyaona yalikuwa makavu.

Agosti 2021, mtaa wao wa Guildford, Australia, ukiwa umefungiwa ndani kwa sababu ya korona, filamu ileile ikaja kwenye runinga Jumapili mchana. Elvire alikuwa amewahudumia wazee katika makao ya Toongabbie miaka kumi na mitatu, na Kiingereza sasa anakijua. Akasikiliza kwa makini. Mwanamke wa stesheni alisema hamwamini tena, asimfuate. Akapanda treni.

Callixte alicheka mpaka akakohoa, akakiri kwamba siku zile hakujua Kizungu hata kidogo. Elvire hakucheka. Kama hakujua Kizungu, je, ile barua?

Barua ya safari ya Australia ilikuja kambini mwaka 2007, na Callixte ndiye aliyemsomea: ofisi imemkataa mama yako, nendeni ninyi. Elvire aliikunja akaitia ndani ya Biblia, hakuifungua tena. Mama alibaki, akarudi Burundi, na mwaka jana alizikwa mipaka ikiwa imefungwa. Elvire aliyaona mazishi kwenye simu, akawalaani tena watu wa ofisi ile mmoja mmoja, bila kuwajua.

Sasa akaitoa Biblia. Alikuwa na hakika mumewe alimtupa mama ili wawe wawili tu. Akasoma polepole: jina la mama limeondolewa kwa ombi lake mwenyewe.

Akaiweka mezani. "Ulinisomea nini, Callixte?"

"Ile letter sikuweza kuisoma. Mama yako alikuwa ameshaniambia itakuwa na nini. Aliomba mwenyewe atolewe. Alitaka kufia kwao. Alisema ukijua, hutapanda ndege."

Elvire hakumwamini. Mtu aliyewaliza watu banda zima kwa maneno ya kubuni anashindwaje kubuni mama mmoja? Huenda ni yeye aliyemsukuma mama aombe. Akamtafuta machoni, akakumbuka wanawake wote wa filamu aliowaliza katika banda la video.

"Alipokuambia hivyo, alilia?"

Elvire alijua jibu la uongo lingekuwaje.

"Hakulia," Callixte akasema. "Aliniambia nipasue kuni kwanza, maji yalikuwa hayajachemka."

Hapo Elvire alimwona mama yake mzimamzima, na mkono wake ukionyesha shoka. Miaka kumi na minne aliwalaani watu ambao hawakumkosea kitu. Akaishika barua kifuani, akalia yeye.