Kofia Niliyoificha Kabambare

Nakumbuka asubuhi nilipokaribia Kabambare, kijana wa Kasongo miguu imejaa vumbi la siku nyingi, nikavua kofia aliyonishonea mama. Jana uliponiuliza uvae nini ukaombe kazi, mwanangu, ndiyo iliyonijia.

Mama alikuwa mjane. Aliishona kwa mkono mwezi mzima wa Ramadhani, tundu baada ya tundu. Tuliposikia Mzungu mnunuzi wa pamba huko Kabambare anatafuta karani, alinivika mwenyewe.

"Usiitoe," akasema. "Mutu akiiona, atajua uko na kwenu."

Lakini nilikuwa mjuaji. Makarani wote niliowafahamu walisoma misheni na walikwenda kichwa wazi. Sisi Waislamu wa kofia hatukuwa tukiandikwa kazi. Basi nikavaa koti nililoazima kwa rafiki, kofia nikaisukuma chini kabisa ya kifurushi. Mzungu aliponiuliza jina, nikasema Petro. Nikaandikwa siku ileile.

Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri, nami niliivaa mwaka mzima. Kila Ijumaa Waislamu walipita mbele ya ghala kwenda kuswali, nami nikainamia mizani wasinitambue. Wakristo waliponialika kanisani, nilisingizia homa. Nilikula peke yangu. Sijawahi kuwa mpweke vile, hata leo ambapo wenzangu karibu wote wamezikwa.

Niliporuhusiwa kurudi Kasongo, nikakuta matanga ya mama yameshaanuliwa. Alipozidiwa alikuwa amemtuma jirani yetu, Mzee Saidi, anifuate.

"Nilizunguka Kabambare siku tatu," Mzee Saidi akaniambia, bila ukali. "Mama yako alisema niulizie kofia yako. Kila mutu, hata mulangoni pa ghala la Mzungu, akanijibu, mutoto wa Kasongo wa kofia ile haiko hapa. Nikarudia Kasongo peke yangu. Yeye akabaki kuangalia mulango."

Nilikifungua kifurushi, nikaitoa kofia. Niliivaa kaburini kwa mama, imeota ukungu, ikanibana kichwa. Nililia mpaka Mzee Saidi akanishika mkono.

Kwa hiyo, mwanangu, fua shati, piga pasi, ng'arisha viatu. Anayekuita kazini umpe heshima yake. Ila usivae kitu kitakachomfanya mtu wako apite mbele yako asikujue. Mkataa kwao ni mtumwa. Nenda, Mungu akufungulie mlango wa riziki, na akurudishe nyumbani ukiwa bado unangojwa.