Menyu Iliyoitika Labeka

Mwalimu wangu wa kompyuta alifariki Jumanne asubuhi, na alasiri tukamzika. Wasomaji wangu mnaijua ile skuli ya jioni iliyonitoa tongotongo. Basi mama huyu ndiye aliyenitoa, na kichwa changu kilikuwa kigumu kuliko ukuta wa Ngome Kongwe. Alitufundisha menyu ibukizi, ile orodha inayochomoza ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Unaiburura kutoka kwenye zana, unaiachia juu ya dirisha la programu unalolisanifu, nayo inatoweka. Niliiburura mara elfu. "Bi Mwalimu, imekufa!" "Haijafa, baba. Ipo, ila haionekani mpaka iitwe. Hujaifunga na kitu, nani ataiita?" Kila menyu yake ya majaribio aliiandikia neno moja: Labeka. Sisi wanaume tukiandika Naam. "Ikiitwa iitike kwa adabu," akisema, "na yangu inaitika kike."

Wiki yake ya mwisho alinipigia simu mara tatu. Nikaitazama inalia, nikasema nitampigia, nikaendelea na chai yangu. Msibani binti yake akaniambia, "Mama alikutaka ulichukue darasa lake, wanafunzi hawana mtu. Akisema, 'Yule ataitika tu.'"

Alhamisi nikaitwa kituo cha afya, Bububu, kuitazama programu ya kusajili wagonjwa niliyoitengeneza na marehemu. Muuguzi kasimama mbali na meza. "Kaka, kompyuta yako inaitika." "Inaitika vipi?" "Bonyeza mwenyewe, miye sigusi." Nikabonyeza kulia, mahali patupu, pasipo kitufe wala maandishi. Ikachomoza orodha ya mstari mmoja: Labeka. Neno lile nililifuta mwenyewe kabla hatujakabidhi kazi, Bi Mwalimu kanisimamia begani. Nikafungua ukurasa wa usanifu: dirisha jeupe, hamna kitu. Nikashuka kwenye orodha ya vitu visivyoonekana dirishani, na menyu ipo, imefungwa na dirisha barabara, kwa mkono unaoijua kazi.

Huenda nilihifadhi faili la zamani. Huenda. "Ifute basi!" muuguzi akasema. Kidole kikagoma. Nikaongeza mstari wa pili chini yake, Naam, nikahifadhi, na hapo hapo nikampigia binti wa Bi Mwalimu: Jumatatu nnaingia darasani. Nyie wenzangu, simu ya mtu ikilia mezani penu, ipokeeni angali hai. Miye nimeitika, lakini nimekiitikia kioo cha kompyuta.