Kitonga Avutwa Kaloleni

Itangazwe katika mitaa yote, kuanzia Pumwani hadi Buruburu, na wenye kofia wavue: mwaka huu wa 1978, Kamati ya Kuvutia Viwanda imeamua kwamba atakayeleta kiwanda Eastlands na kuajiri watu wanne hatalipa ada ya leseni miaka mitano.

Kitonga alivua kofia. Alikuwa amechonga vinyago Kaloleni miaka kumi na mmoja. Binamu zake wawili walikata magogo, yeye akashika tezo, mkewe Nthambi na shemeji yake Wayua wakapiga msasa na kupaka kiwi ya viatu, maana twiga asiyeng'aa mtalii hamtaki. Ada ya leseni ilikuwa imemshinda. Kibanda chake cha kuchongea kilikuwa kibomolewe Ijumaa.

Akamkimbilia Patrobas, karani wa kamati.

"Unatoka wapi?"

"Hapa hapa Kaloleni."

"Basi hufai. Hii ni ya kuvutia watu. Wewe umeshavutika, tena bure."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Ondoka, halafu uje. Na hao watu wako wanne si ajira mpya. Wafute kazi kwanza."

Jioni hiyo akamfuta mkewe.

"Mimi?" Nthambi aliuliza, mikono myeusi kwa kiwi.

"Mpaka Alhamisi tu, mama Kimeu."

"Haya, baba Kimeu. Na chakula pia mpaka Alhamisi."

Kitonga akapanda basi la Wamunyu, kijijini kwao, na njaa yake, tezo ndani ya gunia. Akalala kwa mjomba siku mbili, akiulizwa kila saa kama ameachika.

Alhamisi akarudi, akapokewa kama balozi. Ukumbi umefagiwa, kwaya imepanga mistari, shada la maua likamkaa shingoni. Mlangoni Patrobas alikuwa akiandikisha wafanyakazi wapya.

"Una uzoefu, mama?"

"Sina hata chembe," Nthambi akajibu, akificha kucha.

Mwenyekiti wa kamati akasimama na cheti cha msamaha mkononi.

"Ndugu zangu, mgeni huyu angeweza kwenda Mombasa. Angeweza kwenda Kisumu. Akatuchagua sisi! Bwana mwekezaji, kabla sijakukabidhi, waambie watu: ni nini hasa kilichokuvuta Kaloleni?"

Patrobas, aliyekwisha kuja kusimama kando yake, akamkanyaga mguu. Kitonga akakitazama cheti, akawatazama majirani zake mia mbili waliokuwa wakingoja kusikia.

"Naishi hapo nyuma," akasema.