Korongo Tuliyemfukuza Kinoru

Nilipokuwa msichana wa darasa la nne, tuliishi mtaa wa Kinoru, mjini Meru, kwenye ploti ya wapangaji wengi na bomba moja la maji, na kila mwezi wa Desemba korongo weupe walikuwa wakishuka mjini. Mwalimu wetu alisema wanatoroka baridi ya Ulaya, kwa hivyo sisi watoto tuliwaita ndege wa baridi. Walitembea kwenye nyasi karibu na uwanja wa michezo na kwenye jaa la takataka, polepole, kama wazee wanaokagua shamba la jirani. Watu wazima walikuwa wamewazoea, hata hawakugeuza shingo.

Mwaka huo Cucu, mama yake mama yangu, alikuwa kwetu. Nyumbani kwake ni upande wa Kiritiri, huko chini kwenye joto na mbuzi, naye aliletwa Meru kwa sababu ya kifua. Mama alikuwa akimpeleka hospitali Nkubu, kisha wanarudi, na Cucu anakaa kwenye kiti mlangoni amejifunga blanketi, akiilalamikia hewa yetu.

"Huku kwenu hata jua limepoa," alikuwa akisema.

Asubuhi moja korongo aliingia uani peke yake. Alisimama kwenye dimbwi karibu na bomba, bawa moja limelegea. Watoto tulipiga kelele tukakimbia kumzunguka. Cucu akatunyamazisha.

"Muacheni! Ndege wa mbali akikuja kwako peke yake, ana safari. Ukimfukuza kabla hajapumzika, umefunga njia ya mtu wa nyumba yako."

"Mtu gani, Cucu?" nikamuuliza.

"Yeyote ako na safari."

Sikufikiria zaidi ya hapo. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na nyumbani kwetu hakuna mtu niliyemjua kuwa na safari.

Korongo akakaa. Wapangaji walimtupia mabaki ya ugali, naye akayaacha, akapendelea panzi na wadudu waliokuwa kwenye majani nyuma ya choo. Shida ilikuwa kinyesi. Mama alikuwa fundi wa kushona, na mwezi huo alikuwa na kazi nyingi ya sare za shule. Chumba chetu kilikuwa kidogo, kwa hivyo mashati aliyomaliza aliyatundika kwenye kamba ya nguo. Siku moja alitoka nje akakuta shati jeupe limeharibika kuanzia kola hadi mfukoni.

"Kanana! Hebu toa hii ndege hapa!"

"Lakini Cucu alisema..."

"Cucu ndiye atafua? Fukuza!"

Nilichukua ufagio. Ningependa kusema nilifanya kwa kulazimishwa, lakini nakumbuka furaha ya kukimbia nikiwa na ruhusa ya mama. Korongo aliruka kwa shida, akagonga ukingo wa mabati, kisha akapata hewa na kupotea upande wa uwanjani. Nilipogeuka nikamwona Cucu mlangoni.

"Aai, Kanana," alisema. "Na hakuwa amepumzika."

Hakunigombeza. Alirudi ndani.

Siku chache baadaye nilimpelekea uji, nikamwita, hakuitika. Mama alikuwa kwenye cherehani. Nakumbuka ile sauti ya mashine ikikatika ghafla nilipomwita Mama.

Tulimpeleka Cucu Kiritiri ndani ya jeneza. Baada ya mazishi, watu wakiwa wamekaa na vikombe vya chai, mjomba Njeru, kaka yake mama, akamuuliza Mama mbele ya wote, "Si mama yetu aliniambia kwa simu anataka kurudi kwake? Mbona hamkumleta akiwa hai?"

Mama aliangalia chini. Kisha akaniangalia mimi.

"Huyu mtoto alifukuza ndege," alisema. "Aliambiwa asimfukuze, na bado akamfukuza."

Wamama wakashusha pumzi. Mmoja akashika shavu. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyenituma, nami nilisimama pale nikisubiri mama amalize maneno yake. Hakuyamaliza.

Hawakunitesa kwa ajili hiyo. Tulipotembea Kiritiri walinipa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na maziwa kama watoto wengine. Lakini mtu akianza safari, hakukosekana wa kutania, "Mficheni Kanana ufagio," na watu walicheka, nami nilicheka nao. Usiku nilimwona Cucu ndotoni amesimama njiani na blanketi lake, akitafuta lango la boma lake bila kuliona, nami nikakesha. Nilikua, nikasoma, nikajua kwamba ugonjwa wa kifua hauletwi na ufagio. Kichwa kilielewa. Moyo haukuelewa.

Mama sasa anaishi nami, palepale Kinoru. Macho yake hayawezi tena sindano. Desemba iliyopita tulikuwa tukitoka kanisani tukawaona korongo kwenye nyasi, wengi, wakitembea. Mama alisimama. Tulipofika nyumbani, nikamwekea ungo wa maharagwe achambue.

"Kanana. Ile siku ya mazishi."

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Cucu yako alikuwa ananiomba nimpeleke nyumbani. Alianza kuniomba hata kabla hiyo ndege haijakuja. Nilikuwa namwambia, ngoja nimalize sare. Kumbe ningeweza kumpeleka asubuhi na jioni niwe nimerudi." Alisukuma maharagwe upande mmoja wa ungo. "Njeru aliponiuliza, nilikuona umesimama pale, na mdomo ukaenda kwako."

"Na wewe ndiye ulinituma nimfukuze."

"Ndiyo. Mimi ndiye nilikutuma."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu nikiwa na sare ya shule ya msingi, na yalipokuja sikujua niyaweke wapi. Nilitaka kukasirika. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Siku hizo, ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa nalala, Mama. Watoto hulala."

Akatikisa kichwa polepole, akarudia maharagwe yake. Nadhani alijua nadanganya. Kosa lilikuwa moja, tukaligawana vibaya: mimi nikabeba lile pande ambalo watu waliliona, yeye akabaki peke yake na lile ambalo hakuna aliyelitania. Sijui kama nimemsamehe. Najua tu kwamba alipouliza, ukweli ulikuwa tayari kwenye ulimi wangu, nami nikaumeza, nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua pamoja naye.